Siku ya Mapumziko ya Épiphanie

Jumanne, tarehe 9 Juni 2026. Norsborg, kitongoji kimoja cha Sweden, iliamka na manyunyu mepesi, nyuzi joto kumi na moja, na upepo kutoka ziwani uliobeba harufu ya majani mabichi. Jua lilikuwa limechomoza tangu saa tisa na nusu ya alfajiri, kama desturi yake mwezi huo, ila lilijificha nyuma ya mawingu kama mgeni anayesita kubisha hodi.

Épiphanie alifunga kamba za viatu, akashika kitasa cha mlango, akafumba macho. "Bwana, miguu ni yako, mimi nimeazima tu," akasema. Hivyo ndivyo alivyosali kabla ya kila safari, ndefu au fupi. Kisha akashuka ngazi.

Chini alimkuta Amne akirukaruka papo hapo kujipasha moto. Amne alikuwa mtu wa Tanga, dereva wa basi, na ulimi wake ulikuwa na kasi kuliko gari lake. Miaka miwili sasa walikimbia pamoja, yeye na ushungi wake wa michezo, Épiphanie na kilemba chake.

Mambo mengi Épiphanie aliyaanza wakati wenzake wanayamaliza. Masomo ya sekondari aliyaanza akiwa na miaka arobaini na tisa, katika shule ya jioni, baada ya zamu yake ya kuhudumia wazee kule Tumba. Kukimbia alikuanza akiwa na hamsini na mmoja. Sasa alikuwa na hamsini na mitatu, na mwaka uliopita alikuwa amejiandikisha katika mbio za nusu marathoni za mjini. Kilomita ya kumi na sita miguu ikagoma. Alipandishwa kwenye basi la kuokota waliochoka, akakaa kiti cha nyuma amezungushiwa karatasi inayong'aa kama samaki anayeingia jikoni, akapita mbele ya watu waliokuwa wakishangilia wengine. Siku ile aliazimia kwamba mwaka unaofuata angefika mwisho kwa miguu yake. Mbio zilikuwa tarehe kumi na mbili Septemba. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na tatu.

Walikuwa hawajamaliza kilomita ya pili Amne alipogeuza shingo.

"Mama Annick, mbona unakanyaga kama kuku aliyefungwa kamba?"

"Si kitu. Ugoko tu."

"Ugoko tu. Ukikatwa shingo utasema shingo tu?"

"Tuendelee, dada. Utapoa."

Haukupoa. Katika mteremko wa kwenda ziwani maumivu yalimpanda kutoka kwenye mfupa wa mbele wa mguu mpaka kwenye meno. Akasimama, akashika mti. Amne naye akasimama, mikono kiunoni.

"Shoga, mimi naendesha basi siku tano kwa wiki," akasema. "Abiria namjua kabla hajanyoosha mkono. Nenda ukaonwe mguu, au Septemba utapanda tena."

Alhamisi hiyo Épiphanie alikwenda kliniki ya viungo huko Tumba. Mtaalamu alikuwa binti mmoja, Mélissa, aliyezaliwa Sweden na wazazi wa Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao, chenye Kifaransa kama chumvi. Alimlaza kitandani, akapita na kidole gumba juu ya mfupa.

"Hapa, mama?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

Épiphanie akaita jina la Yesu.

"Bon. Ni hapa," Mélissa akasema. "Haujapasuka, lakini umechoka. Ukiendelea hivi utapasuka, na mbio za Septemba utazitazama kwenye televisheni. Unakimbia mara ngapi kwa wiki?"

Épiphanie alitoa daftari kwenye mkoba. Lilikuwa daftari la shule ya jioni. Nusu ya mbele ilikuwa na hesabu, nusu ya nyuma ilikuwa na kilomita. Jumanne sita. Alhamisi nane. Ijumaa vilima vya Hallunda. Jumamosi kumi na nne. Jumatatu na Jumatano aliacha wazi kwa sababu ya zamu na masomo, na mbele ya kila Jumapili aliandika kwa herufi safi: kupumzika.

"Voilà, una nidhamu kuliko wagonjwa wangu wote," Mélissa akasema. "Sasa sikiliza. Moyo wako na mapafu vinataka kazi, mguu unataka nafasi. Kwa hiyo tunafuta vilima vya Ijumaa. Jumanne na Alhamisi unafanya kitu kingine, kitu cha kukutoa jasho bila mguu kugonga chini. Kuna baiskeli. Kuna kuogelea. Kuna mashine ya kupiga makasia. Kuna kukimbia ndani ya maji, na mkanda wa kuelea kiunoni."

"Kipi kizuri zaidi?"

"Usiulize kizuri. Uliza utakachorudia. Kizuri ambacho utakiacha baada ya wiki moja ni bure. Jaribu, chagua, urudi tarehe thelathini."

Basi Épiphanie akaanza na baiskeli, kwa kuwa mumewe alikuwa bingwa wake. Ludovic, katika ujana wake, alibeba ndizi kutoka Bugarama kuteremka mpaka Bujumbura, mikungu kumi nyuma ya baiskeli, na kupanda kurudi alining'inia kwenye malori. Mkewe alipomwomba amfundishe, alifurahi mpaka akaenda kunyoa ndevu.

"Kupanda ni nguvu tu," akamweleza, wamesimama juu ya mteremko wa njia ya baiskeli karibu na Hallunda. "Kazi ni kushuka. Ukitaka kusimama, weka soli ya kiatu juu ya gurudumu la mbele, ukandamize taratibu."

"Hakuna breki?"

"Breki zipo, lakini zinaweza kukatika. Kiatu hakikatiki."

Épiphanie, mwanafunzi mtiifu, aliteremka. Alipoona mama mwenye kigari cha mtoto mbele yake, aliinua mguu mzima, ule wa kulia, akaweka soli juu ya gurudumu. Ludovic alikuwa amefundishwa hivyo na kandambili za tairi la lori. Kiatu cha mbio cha Épiphanie kilikuwa cha sponji laini. Kilimezwa. Mama wa kigari alipita salama. Épiphanie aliingia kichaka cha mawaridi ya mwituni, akatoka humo na miiba kwenye kilemba na kiatu kimoja kisicho na kisigino.

"Umekandamiza kwa haraka," Ludovic akasema, akimchomoa miiba.

"Nimekandamiza kama Mkristo anayetaka kuishi."

Alhamisi walijaribu baiskeli ya ndani, kwenye ukumbi wa mazoezi, ile iliyofungwa sakafuni. Ludovic alipanda ya jirani ili kumsindikiza. Baada ya dakika kumi akamgeukia.

"Tumefika wapi?"

"Hapa hapa."

Ludovic akakanyaga dakika mbili nyingine, akitazama ukuta. Kisha akashuka, akajifuta, akasema yeye atamngoja nje penye hewa. Épiphanie alimaliza nusu saa yake, lakini alipokuwa akitoka alijua moyoni kwamba hatarudi. Mashine ya makasia aliijaribu dakika tano. Ilimkumbusha kusukuma kitanda cha mgonjwa chenye gurudumu moja bovu, na hilo alikuwa akilifanya kazini bila kulipia.

Yalibaki maji, na maji aliyaogopa. Yeye alikuwa mtu wa milima ya Kayanza, ambako mto mtu aliuvuka kwa kupandisha kitenge. Jumanne iliyofuata alikwenda bwawa la ndani, akafunga mkanda wa kuelea kiunoni, akashika ngazi, akashuka mpaka miguu ikakosa chini. Mkanda ulimshika. Akaning'inia katikati ya maji kama mtu aliyesahauliwa. Kijana mwangalizi alimwonyesha kwa mikono: kimbia, mama, kama vile uko barabarani. Akaanza kukimbia. Hakwenda popote. Moyo ulimdunda kwa hofu zaidi kuliko kwa kazi, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya zaidi, alifanya alilolifanya siku zote alipoogopa. Aliimba. Aliimba kwa Kirundi, sauti ya chini, wimbo aliofundishwa na bibi yake katika shamba la maharagwe.

Alipofika ubeti wa pili, sauti nyingine ikaungana naye, nyembamba na iliyotetemeka kidogo. Mita mbili kando yake kulikuwa na bibi wa Kiswidi, wa miaka themanini hivi, kofia ya mpira yenye maua kichwani, naye amefunga mkanda, naye anakimbia bila kwenda popote. Aliimba kwa Kiswidi. Tuni ilikuwa ile ile, hata pale inapopanda na kukaa.

Wakatazamana.

"Wimbo huu ni wa kwetu," Épiphanie akasema kwa Kiswidi.

"Hapana, mpenzi wangu, ni wa kwetu," yule bibi akajibu. "Nimeuimba kule kwetu Småland tangu nikiwa na miaka minne. Wamisionari wetu waliupeleka mbali."

Épiphanie alikuwa ameamini maisha yake yote kwamba wimbo ule ulizaliwa Kayanza. Alicheka mpaka akanywa maji, na alipokwisha kukohoa walianza upya, kila mmoja kwa lugha yake, wakikimbia bega kwa bega. Saa ya ukutani ilipoonyesha dakika arobaini alidhani imeharibika. Alitoka majini miguu imelegea kama ugali uliozidi maji, na ugoko haukuuma hata kidogo. Akaandika katika daftari: Jumanne, maji, dakika arobaini. Alikuwa amechagua.

Hata Amne alikubali. "Umepata lako," akasema. "Nilikuwa nimeshakuwekea kiti kwenye lile basi."

Lakini jambo moja lilimsumbua. Jumanne maji, Alhamisi maji, Jumamosi kilomita kumi na nne za taratibu na Amne, mguu salama. Jumapili kupumzika. Na kila Jumatatu asubuhi, aliposhuka kitandani, mfupa ulimchoma upya, siku hizo zote, bila kukosa.

Tarehe thelathini alirudi Tumba. Mélissa alisoma daftari mara mbili, akapita tena na kidole, na Épiphanie akaita tena jina la Yesu.

"Sielewi," Mélissa akasema. "Jumatatu tu?"

"Jumatatu tu."

"Na Jumapili unafanya nini?"

"Imeandikwa. Napumzika. Ni siku ya Bwana."

Mélissa aliweka kalamu chini polepole.

"Mama, unaimba kwaya?"

"Mstari wa mbele, tangu tulipoanza."

"Mnaimba mmekaa?"

Épiphanie alicheka kwa swali hilo. "Mwanangu, sisi ni Warundi. Tukae, kwani tunaumwa?"

"Simama. Nionyeshe. Wimbo mmoja, kama Jumapili."

Épiphanie alivua viatu, kwa sababu kanisani walicheza peku. Alianza kwa aibu, akipiga makofi ya kujiongoza, lakini wimbo ulipomwingia alisahau yupo wapi. Aliruka kwa miguu yote miwili, akatua kwa visigino, akaruka, vichupa vikalia kwenye rafu. Mélissa alikuwa ameshika simu akihesabu. Alipomsimamisha, mgonjwa wa chumba cha pili alikuwa amefungua mlango kuchungulia.

"Mia mbili na kumi na mbili," Mélissa akasema. "Nyimbo ngapi?"

"Nne. Siku za furaha, tano."

"Sakafu?"

"Saruji. Palikuwa ghala la mazulia."

"Mazulia yapo?"

"Waliyachukua."

Wakacheka wote wawili, na Mélissa ndiye aliyeacha kwanza. "Mama, una siku moja ngumu kuliko zote, na inakuja kesho yake baada ya kilomita kumi na nne. Huijui kwa sababu umeiandika kupumzika. Lazima uiandike. Jumapili: kuruka mara mia nane na hamsini. Halafu tuipange upya wiki yako."

Épiphanie akajikuta amelikumbatia daftari.

"Hilo siwezi, mwanangu. Kule namsifu Mungu. Nikiandika hapa, kati ya kilomita na mkanda wa kuelea, ni kama kumwambia: Bwana, nilikuja kwako kunyoosha misuli."

Mélissa hakumcheka. "Baba yangu alipiga gitaa kanisani miaka ishirini. Sikuambii uache. Lakini mfupa hauulizi unaruka kwa ajili ya nani. Mbio ndefu, kuruka namna hii, na kufika mwisho Septemba: mguu huu utabeba viwili. Vitatu hapana."

Siku mbili zilizofuata Épiphanie alitembea na mzigo. Kuacha mbio alikuona kama kupanda tena lile basi kwa hiari yake. Kuacha kuruka alikuona kama kumnyima Mungu. Alipiga magoti asubuhi, akapiga magoti mchana katika chumba cha kubadilishia nguo kazini, hakupata jibu. Ludovic, alipoelezwa, alikuna kidevu.

"Mimi nilikuwa nasali nikishuka Bugarama," akasema. "Nilisali kweli kweli, kuliko kanisani. Na ndizi nilikuwa nimezihesabu."

Alhamisi akaingia majini. Bibi wa Småland alikuwapo, maua yake kichwani. Walikimbia robo saa.

"Leo huimbi," bibi akasema.

"Leo nafikiri."

"Utazama."

Basi Épiphanie akaimba, ili asionekane mkaidi, na baada ya wimbo sala ikamjia yenyewe kama ilivyomjia kila Jumanne na Alhamisi tangu alipoanza: akamtaja mwanawe Annick na mitihani yake, akamtaja mzee wa chumba cha saba kule kazini anayekataa kula, akamtaja Amne na mgongo wake. Alikuwa amefika kwa Amne alipoacha kupiga miguu. Siku hizi zote alikuwa akisali humu ndani, sala nzima yenye majina, na alipotoka aliandika "maji, dakika arobaini" bila dhamiri kumshtaki hata mara moja. Hakuogopa kwamba Mungu ataudhika kukutwa bwawani. Kwa nini basi aogope Mungu akikuta hesabu ya kuruka mbele ya neno Jumapili? Aliyemwazima miguu alijua tangu zamani kwamba ina mifupa.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, maji yakimtiririka shingoni, alifungua daftari akaandika: Jumapili, kusifu, nyimbo nne, kuruka mara mia nane na hamsini. Akangoja kidogo aone kama moyo utamhukumu. Kilichosikika ni mashine ya kukaushia nywele tu. Akageuza ukurasa, akaipanga wiki upya. Mbio ndefu zikaenda Jumatano, siku ambayo shule ya jioni ilikuwa imefungwa kwa majira ya joto. Maji yakabaki mahali pake. Jumamosi na Jumatatu, kupumzika, kupumzika kwa kweli. Na Jumapili, wimbo mmoja wa kuruka. Hizo nyingine kwa mikono, kama bibi zao walivyocheza, mikono imeinuliwa juu kama pembe za ng'ombe, shingo na mabega vikiimba na miguu ikikaa chini.

Mélissa alipoupata mpango huo kwa simu alisema, "Mpango huo mguu unauweza." Alibaki Severin.

Severin ndiye aliyeongoza kwaya, mtu mrefu, fundi umeme, aliyepanga mstari wa mbele kama anavyopanga nyaya. Agosti kanisa lilikuwa na sherehe yake ya mwaka, na wageni wangetoka Norway na Denmark. Épiphanie alifikiri kumpigia simu. Halafu akaona ni woga: jambo alilolifanya mbele ya wote lirekebishwe mbele ya wote. Jumapili ya tarehe tano Julai, wakati wa ushuhuda, alinyoosha mkono. Ludovic alikuwa kiti cha tatu. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Amne na ushungi wake wa kijani. Alikuwa amesema hawezi kusimuliwa jambo kama hili.

Épiphanie alieleza yote, na mahali pa mawaridi watu walicheka mpaka Ludovic akainamisha kichwa. Mahali pa hesabu, mia mbili na kumi na mbili, wanawake wawili wa mstari wa mbele walijipapasa miguu.

"Ndiyo maana," mmoja wao akasema kwa sauti, kwa jirani yake.

Severin alisimama. "Mama Annick. Miaka yote hii tunakuona unaruka, tunasema Roho amemshukia. Kumbe ulikuwa na daftari."

"Daftari ni la juzi, ndugu Severin. Roho ni wa zamani."

"Na Agosti? Wageni wanakuja. Mstari wa mbele nimwachie nani?"

"Usiniondoe. Nitacheza kwa mikono. Kama unaona mikono haitoshi, niweke nyuma, sitanuna."

"Wimbo upi utaruka?"

"Wa mwisho."

"Kwa nini wa mwisho?"

"Kwa sababu nikianza na wa kwanza sitaweza kuacha. Mnanijua."

Kicheko kikapita ukumbini, kikamfikia Severin mwenyewe, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta waya ambao hakuuweka yeye lakini unafanya kazi. "Basi, sema mbele yetu," akasema. "Maana Jumapili ijayo ngoma zikilia utasahau, na mimi nitakuwa nimegeuka upande wa wanaume."

"Mwache aseme, sisi tutahesabu," Amne akasema kutoka mlangoni, na watu wakageuka kumtazama, kisha wakampigia makofi.

Épiphanie alisimama wima, akaweka miguu yote miwili chini, akainua mkono wa kulia.

"Mbele za Mungu na mbele yenu ninyi mnaoniona," akasema, "naahidi kwamba mpaka tarehe kumi na mbili Septemba nitaruka wimbo mmoja tu kila Jumapili, ule wa mwisho, na mkiniona naruka wa pili, nishikeni mabega mniketishe, sitamkasirikia mtu. Na Jumapili ya tarehe kumi na tatu nitasimama hapa hapa niwaambie nilifika wapi, na nitawaambia kweli."